Dawa Niliyoiamini

Waheshimiwa wageni, walimu wangu, wauguzi na madaktari wenzangu, wanafunzi, na zaidi ya wote ninyi mlioingia humu mkiwa mmeshikwa mkono na mtoto, mwenzi au jirani: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima. Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa magonjwa ya konea na magonjwa mengine ya macho. Nitajitahidi kutumia lugha anayoielewa mgonjwa wangu, kwa sababu mada hii ni yake. Sisi wengine tumeazimwa tu.

Nianze na konea yenyewe. Mtu akikutazama machoni anauona weupe wa jicho, analiona lile duara jeusi au la kahawia, na katikati anaiona mboni. Konea haioni. Iko mbele ya vyote hivyo, imebinuka kama kioo cha saa ya mkononi, upana wake unakaribia milimita 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haionekani kwa sababu kazi yake ni kupitisha nuru. Kama theluthi mbili za nguvu ya jicho ya kupinda miale na kuikusanya zinatoka kwenye konea, wala si kwenye lenzi iliyo ndani kama wengi wanavyodhani. Na ili ibaki angavu, imenyimwa mishipa ya damu. Oksijeni inaipata kwenye machozi, na lishe kwenye maji yaliyo nyuma yake. Mishipa ya fahamu, kwa upande mwingine, imepewa kwa wingi kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili. Ndiyo maana chembe moja ya mchanga inamliza mtu mzima mwenye nguvu zake.

Nyuma yake kabisa kuna safu moja ya seli, tabaka moja tu, zinazosukuma maji kutoka kwenye konea usiku na mchana. Zikichoka, konea inalowa na kuvimba, na mtu anaona kama anayetazama kupitia dirisha lililoshikwa na mvuke. Mtu mzima ana seli hizo kama 2,500 katika kila milimita moja ya mraba. Zikifa, hazizaliwi nyingine za kuziba pengo; zilizobaki hujinyoosha tu ili kufunika nafasi iliyoachwa. Zikipungua hadi kufikia kama 500, pampu inashindwa. Ikumbukeni safu hii. Nitairudia.

Konea huharibika kwa njia nyingi. Jani au ukucha huikwaruza, kisha bakteria au kuvu wakaingia na kufanya kidonda. Virusi vya herpesi hulala kwenye mshipa wa fahamu na kuamka baada ya miezi au miaka. Trakoma hugeuza kope zikaelekea ndani na kukwangua konea kila mtu anapopepesa. Mtoto aliyekosa vitamini A, konea yake hukauka kisha ikayeyuka. Kuna chokaa na tindikali, kuna lenzi za kuvaa jichoni zilizooshwa kwa maji ya bomba, na kuna keratokonasi, ambapo konea ya kijana inalegea na kuchongoka mbele kama pia ya kuchezea. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba kwa watu bilioni 1 au zaidi kati yao tatizo hilo lingeweza kuzuiwa au bado halijapata matibabu. Mimi kila ninapoisoma namba hiyo ninamwona mama mmoja.

Nilikuwa daktari kijana alipoletwa. Jani lilikuwa limemchoma jichoni siku nane kabla. Kidonda kilikuwa cha kijivu, kingo zake zimetawanyika kama manyoya ya ndege, na tulipokikwangua na kuweka ule ukwanguo chini ya hadubini tuliona nyuzi za kuvu. Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni natamaisini, dawa kongwe iliyojulikana tangu miaka ya 1950, nzito na nyeupe kama maziwa, ambayo haipenyi sana ndani ya konea. Ya pili ni vorikonazoli, mpya, inayopenya vizuri, na ambayo maabara ilionyesha inaua kuvu wa aina nyingi. Nilihangaika kuitafuta hiyo mpya mpaka nikaipata. Nilimwambia mama yule, kwa moyo mweupe, kwamba nimempatia iliyo bora. Siku ya kumi na moja konea yake ilitoboka. Jicho tuliliokoa lisitolewe. Kuona hakukurudi.

Mgonjwa mmoja hawezi kutuambia kama dawa ile nyingine ingemponya. Ningemtibu kwa natamaisini akapona, ningesema natamaisini imemponya, na huenda angepona hata hivyo. Ningemtibu kwa vorikonazoli akapona, leo ningekuwa naisifia kila mahali. Daktari anaona njia moja tu, ile aliyoipita na mgonjwa wake. Njia ya pili haioni kamwe. Nimekuja kusema jambo hilo moja hasa: kwamba huruma, uzoefu na macho makali ya daktari haviwezi kuiona ile njia ya pili, na kwamba kulinganisha kwa haki, mgonjwa kwa mgonjwa, kwa kura, yaani bahati ndiyo iamue nani apewe dawa ipi, ndiyo namna pekee tuliyonayo ya kuichungulia.

Niwape kisa ambacho kila anayetibu macho angepaswa kukijua. Katika miaka ya 1940 watoto waliozaliwa kabla ya wakati walianza kuokolewa kwa wingi hospitalini, na wengi wao wakawa vipofu. Nyuma ya lenzi zao kulijitokeza utando mweupe. Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1942 na Theodore Terry wa Boston, na katika miaka kumi na kitu iliyofuata inakadiriwa watoto kama 10,000 walipofuka. Sababu nyingi zilitajwa. Daktari mmoja wa watoto, William Silverman wa New York, alijaribu homoni ya ACTH kwa watoto walioanza kuonyesha dalili, na wengi wao macho yao yakabaki salama. Fikirieni furaha ya daktari huyo. Wangapi kati yetu tungesimama hapo na kuanza kuisambaza dawa? Yeye na wenzake waliamua kulinganisha: baadhi ya watoto wapewe homoni, baadhi wasipewe. Waliopewa, kama theluthi moja walipofuka. Wasiopewa, ni kama mmoja katika watano. Na waliopewa walikufa zaidi. Kumbe ugonjwa ule, mara nyingi, ulikuwa ukirudi nyuma wenyewe, na homoni ilikuwa ikipokea sifa isiyo yake huku ikileta madhara.

Chanzo chenyewe kilikuwa kitu ambacho hakuna aliyetaka kukishuku: oksijeni. Watoto wachanga dhaifu walikuwa wanapewa oksijeni nyingi, kwa siku nyingi, kwa mapenzi. Utafiti mmoja wa mapema ulipowapunguzia baadhi ya watoto oksijeni, wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakiifungulia tena kisirisiri, maana walidhani watoto wananyongwa. Siwalaumu. Ningekuwa muuguzi wa zamu ile, mkono wangu ungekwenda kwenye ule mtungi. Mwaka 1953 hospitali 18 za Marekani ziliungana, zikawagawa watoto kwa kura, na mwaka uliofuata jibu lilikuwa wazi: oksijeni ya kupita kiasi ndiyo iliyokuwa ikiharibu mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru.

Nawaomba msiondoke na kisa hiki kikiwa nusu. Oksijeni ilibanwa kila mahali, na baadaye ikaonekana kwamba kubana mno nako kunaua watoto. Mwaka 2010, zaidi ya nusu karne baadaye, utafiti mkubwa wa kura uitwao SUPPORT ulionyesha kuwa kiwango cha chini cha oksijeni kinapunguza aina kali ya ugonjwa ule wa macho lakini kinaongeza vifo. Swali lilelile bado lilikuwa linadai kipimo sahihi. Kwa hiyo mtu akiniambia jambo fulani la tiba "limekwisha thibitishwa", namuuliza kwa upole: limethibitishwa kwa nani, kwa kiasi gani, na likilinganishwa na nini?

Sasa nirudi kwenye kuvu. Mwaka 2013 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za macho za Aravind, kusini mwa India. Wagonjwa 323 wenye vidonda vya kuvu kwenye konea walipangwa kwa kura: wengine natamaisini, wengine vorikonazoli. Dawa zilezile mbili zilizokuwa mezani kwangu siku ile. Waliokuwa wakifuatilia usalama wa utafiti waliuona upande mmoja ukitoboka konea zaidi, na uandikishaji ukasimamishwa kabla ya idadi iliyokusudiwa kufika. Upande huo ulikuwa wa vorikonazoli. Dawa kongwe, nyeupe, isiyopenya, ilikuwa imeshinda, hasa kwa kuvu aitwaye Fusarium. Niliisoma taarifa ile usiku nikiwa peke yangu, na nilikaa muda mrefu kabla sijaweza kufungua ukurasa wa pili.

Watafiti haohao na wenzao waliuliza tena: je, kidonge cha vorikonazoli kikiongezwa juu ya matone, kwa wagonjwa walio hali mbaya? Wagonjwa 240 wa India na Nepal, na faida haikuonekana. Wakauliza kuhusu steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kwenye vidonda vya bakteria, swali lililogawanya madaktari wa macho kwa miaka mingi, kila upande ukiwa na wagonjwa wake wa kuonyesha. Wagonjwa 500, majibu mwaka 2012: kwa ujumla, baada ya miezi mitatu, hakuna tofauti ya kuona kati ya waliopewa na wasiopewa. Mwaka 2017 natamaisini iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Wagonjwa 323 waliokubali kuchezewa kura ndio walioisukuma ifike huko, na majina yao hayako kwenye orodha hiyo.

Ukiona vyaelea, vimeundwa, wahenga walisema. Kila tone ninaloandika leo limeundwa na mtu aliyekubali kukaa kwenye kiti asijue anapewa nini.

Kuna jozi nyingine ya tafiti ninayoipenda kwa sababu inauma. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa vijijini walifundishwa kumtambua mtu aliyekwaruzwa konea na kumpaka papo hapo marhamu ya kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Watu 442 walikuwa na mikwaruzo. Wale 284 waliofika ndani ya saa 18, hata mmoja hakupata kidonda. Waliofika kati ya saa 24 na 48 walikuwa 49, na 14 kati yao waliambukizwa. Ni kazi nzuri, iliyofanywa kwa nidhamu, na ilitupa tumaini kubwa. Lakini ilikosa kitu kimoja: vijiji vya kulinganisha. Wale watu 284, wangapi wangepona bila marhamu? Konea iliyokwaruzwa kidogo hujifunga yenyewe, mara nyingi kwa siku moja au mbili. Miaka ishirini baadaye utafiti mwingine hukohuko Nepal ulivigawa vijiji kwa kura, vingine vikawekewa wahudumu wa macho, vingine vikaachwa na huduma za kawaida. Mwaka 2022 jibu likatoka: idadi ya vidonda vya konea haikutofautiana.

Je, hiyo ina maana marhamu haifai? Hapana, na hapa nawasihi tusikimbilie upande wa pili. Mtu aliyekwaruzwa na akafika mapema, bado nampa marhamu ya kiuavijasumu, na nitaendelea kumpa. Utafiti ule wa pili uliuliza jambo jingine: kuweka wahudumu vijijini, kwa mpango ule, kunapunguza vidonda kwa jamii nzima? Kati ya dawa inayofaa jichoni na mpango unaofaa kwa watu elfu nyingi kuna umbali mkubwa, na umbali huo unajaa watu ambao hawakumfikia mhudumu. Utafiti unaosema "haikusaidia" unatuonyesha mahali pa kuchimba. Unastahili kusomwa kwa heshima ileile tunayoupa unaosema "imesaidia".

Wanafunzi wangu waliopo hapa wananijua kwa wimbo wangu wa macho mawili. Niuimbe kidogo na kwa wengine. Mtu ana macho mawili, na macho ya mtu mmoja yanafanana kuliko macho ya watu wawili. Mtafiti akiwapima watu 50 na kuandika "macho 100" kana kwamba ni watu 100, amejiongezea ushahidi asiokuwa nao. Nimeona makala nyingi zikianguka kwenye shimo hilo. Lakini jambo hilohilo, likitumiwa kwa akili, ni neema: unaweza kutibu jicho moja na kuliacha jingine liwe mlinganisho wake, mtu yuleyule, umri uleule, machozi yaleyale. Viungo vichache sana mwilini vinatoa nafasi kama hiyo. Isipokuwa tu pale dawa ya jicho moja inapoingia kwenye damu na kulifikia la pili. Hapo mlinganisho umeharibika.

Tena kuna suala la nani anapima. Mgonjwa akisoma herufi ukutani, sauti ya anayempima ina nguvu. "Jaribu tena, angalia vizuri" — maneno hayo, yakisemwa kwa kundi moja na yasisemwe kwa jingine, yanaweza kuzaa mstari mzima wa herufi. Ndiyo maana anayepima asijue mgonjwa kapewa nini. Katika matawi mengine ya tiba jaribio la namna hiyo huitwa la "upofu". Sisi wa macho hatupendi kulitamka neno hilo mbele ya wagonjwa wetu, tunasema kufunikwa. Ni tofauti ndogo ya lugha, na naithamini.

Sitaki mtoke hapa mkidhani utafiti wa konea ni hadithi za makosa tu. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc, ambao leo uko Cheki, Eduard Zirm alipandikiza konea kwa kibarua aliyeunguzwa na chokaa macho yote mawili. Jicho moja lilikubali, na mtu yule akarudi kazini. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa konea ya binadamu kwa binadamu uliodumu. Konea hiyo ilitoka kwenye jicho la mvulana wa miaka 11 ambalo halikuweza kuokolewa. Katika miaka ya 1930 Vladimir Filatov, huko Odessa, alionyesha kwamba konea za marehemu zinaweza kutumika, na hilo ndilo lililofungua mlango kwa wengi. Kisha wapasuaji wakajifunza kubadilisha tabaka lililougua peke yake badala ya konea nzima. Gerrit Melles wa Uholanzi aliongoza njia hiyo, mpaka leo tunaweza kuhamisha utando mwembamba kuliko unywele, wenye ile safu ya seli za pampu niliyowaambia, na kuubandika kwa kiputo cha hewa.

Tatizo ni kwamba konea hazitoshi. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta konea moja inapatikana kwa kila watu 70 wanaoihitaji, na zaidi ya nusu ya watu wa dunia hawana pa kwenda kupandikizwa. Kwa ajili hiyo nilishika kichwa kwa furaha mwaka 2018, timu ya Shigeru Kinoshita ya Kyoto ilipotangaza kwamba imekuza seli zile za nyuma maabara na kuwachoma wagonjwa 11 kwa sindano, seli milioni moja kwa jicho. Baada ya sindano wagonjwa walilala kifudifudi kwa muda wa saa tatu, ili seli zitue zenyewe mahali pake. Baada ya wiki 24 wote 11 walikuwa wamevuka kiwango kile cha 500, na 10 wamevuka 1,000. Mtaniuliza: mbona hakukuwa na kundi la kulinganisha, na wewe umekuwa ukilihubiri tangu umesimama? Swali la haki. Kundi la kulinganisha tunalihitaji zaidi pale ugonjwa unapoweza kupona wenyewe. Seli hizi hazirudi zenyewe. Konea iliyovimba kwa kuzikosa haiamki asubuhi ikawa angavu. Mlinganisho wake ni kila mgonjwa tuliyewahi kumwona. Bado nataka kujua zitakaa miaka mingapi, na upandikizaji wa utando ndio kipimo chake cha haki. Japani iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2023.

Keratokonasi nayo isipitwe, hasa kwa ajili ya wazazi. Mwaka 2003 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walieleza namna ya kuikaza konea iliyolegea: matone ya vitamini B2, kisha miale ya urujuanimno kwa dakika 30, nyuzi za kolajeni zinashikana zaidi. Macho 23 tu, na ugonjwa ulisimama. Watu wakaanza kuitumia duniani kote. Ilichukua mpaka mwaka 2021 kwa utafiti wa kura wa Uingereza kutoa majibu juu ya vijana 60 wa miaka 10 hadi 16, ambao ugonjwa wao unakimbia kuliko wa watu wazima. Waliokazwa, asilimia 7 ugonjwa ulisonga mbele. Wasiokazwa, asilimia 43. Na wale wa kundi la pili waliruhusiwa kutibiwa mara ilipothibitika ugonjwa unasonga. Kwangu mimi hivyo ndivyo kundi la kulinganisha linavyopaswa kulindwa: hakuna mtoto anayeachwa aharibike ili jedwali lijae.

Hapo nimefika kwenye jambo la ridhaa, na nitakaa nalo kidogo.

Tangu Azimio la Helsinki la mwaka 1964, dunia ya tiba imekubali kwamba mtu haingizwi kwenye utafiti pasipo kuelezwa na kukubali kwa hiari. Mgonjwa wangu ana kidonda kwenye konea. Hawezi kusoma. Huenda usiku hakulala kwa maumivu, huenda ameogopa, na mbele yake anawekewa karatasi tisa zenye maandishi madogo. Halafu tunasema ameridhia! Nimeshuhudia karatasi kama hizo zikisainiwa kwa dakika tatu, mgonjwa akielekezwa kidole mahali pa kuweka alama. Hiyo siwezi kuiita ridhaa. Fomu ya mgonjwa wa macho isomwe kwa sauti, polepole, na mtu asiye na haraka. Awepo shahidi ambaye si wa timu ya utafiti, mtu ambaye mgonjwa anamwamini. Kwanza maumivu yatulizwe. Kisha mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atafanyiwa nini, maana kutikisa kichwa hakuonyeshi kwamba mtu ameelewa.

Ninyi mnaoweza kuombwa siku moja, ulizeni bila haya. Nisipokubali, nitatibiwa vipi? Kundi la pili linapewa nini: dawa ya kawaida, au kitu kisicho na dawa? Jicho langu likizidi kuharibika, nani ataamua nitolewe kwenye utafiti, na nitapewa nini? Nani ananilipia matibabu nikidhurika? Jicho langu la pili linahusika? Mtafiti mwema hufurahia maswali hayo. Na anayekasirika, basi mmepata jibu lenu. Msidhani pia kwamba kupewa kisicho na dawa ni kudhulumiwa siku zote. Wagonjwa 703 wa Marekani waliowahi kuugua herpesi ya jicho walikubali kumeza vidonge mara mbili kwa siku kwa mwaka mzima, wengine asaiklovia, dawa ya kuzuia virusi hivyo, wengine vidonge vitupu. Wakati ule hakuna aliyejua kama kinga ya muda mrefu ina faida. Mwaka 1998 ikajulikana: ugonjwa ulirudi kwa asilimia 19 ya waliopewa dawa na asilimia 32 ya wasiopewa. Leo mgonjwa wangu ambaye herpesi imemrudia mara tatu anameza kidonge hicho kwa sababu mtu fulani alimeza kitupu.

Wenzangu watafiti, sasa nasema na ninyi. Mficha maradhi kilio humfichua. Utafiti unaomalizika na kufungiwa kabatini kwa sababu dawa haikufanya kazi ni maradhi yaliyofichwa, na kilio chake kinasikika kwa mgonjwa wa mbali anayepewa dawa hiyohiyo. Tangu mwaka 2005 majarida makubwa ya tiba hayapokei jaribio ambalo halikuandikishwa hadharani kabla ya kuanza. Ni hatua nzuri. Lakini kuandikisha jaribio ni mwanzo, na kuchapisha kunawafikia madaktari peke yao. Mshiriki yeye hupata nini? Mara ya mwisho anapotoka kliniki anaambiwa asante, na ndiyo basi.

Yule mama alirudi kwangu baada ya miaka mingi, jicho lake la pili likiwa na mtoto wa jicho. Nilimtambua kabla hajataja jina. Tulipomaliza kupanga siku ya upasuaji aliniuliza, bila uchungu wowote sautini: "Daktari, ile dawa ya mara ya kwanza, bado mnawapa watu?" Nikamwambia hapana, kwa ugonjwa kama wake siyo ya kwanza tena. Nikamweleza kuhusu wale wagonjwa 323 wa India, kura, na konea zilizotoboka. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimeiamini. Alikaa kimya, kisha akauliza kama wale watu wa India nao walikuwa wamepigwa na majani, wakivuna. Nikasema wengi wao, ndiyo, ni wakulima.

"Basi nao wapelekewe habari," akasema. "Waambiwe imetufikia."

Ombi hilo alinipa mimi, nami nimelileta hapa kwenu mnaofanya utafiti.